Huyu Carol Burnett ni nani, na kwa nini anavuta sikio mwisho wa kipindi?

BintiMuheza:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za saa hizi.

Mimi ni mbeba boksi hapa Houston, mwaka wa nne sasa. Kazi yangu ni kulea wazee majumbani, zamu ya usiku, naingia saa moja jioni natoka saa moja asubuhi. Bibi ninayekaa naye ana miaka 88, ni mjane, mguu mmoja mzito na kumbukumbu zinamponyoka. Mimi ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, sasa naitika tu.

Kila usiku akishakula na kumeza dawa, lazima tuangalie kipindi cha zamani cha vichekesho. Yupo mama mmoja mwenye mdomo mpana, akicheka meno yote nje, anaitwa Carol Burnett. Mara ni malkia, mara mfagizi mwenye ndoo, mara karani wa ofisi mwenye kucha ndefu asiyejua hata kubonyeza simu ya bosi wake. Kiingereza chao cha haraka kuna mahali kinanipita, lakini huyo karani anavyotembea, tako limeenda huku na miguu inakwenda kule, juzi nilicheka nikamwaga chai kwenye shuka nililotoka kutandika.

Sasa nina maswali mawili.

La kwanza, kila mwisho wa kipindi anavuta ndewe ya sikio la kushoto. Nilimuuliza bibi, akanijibu, "Anamsalimia Nanny." Kwa hapa nanny ni yaya wa watoto. Ina maana mtu maarufu hivyo anamsalimia yaya kwenye TV kila wiki?

La pili ndilo linanisumbua. Kipindi kikiisha, bibi anakasirika. "Wamekata! Hiki si chote. Wimbo uko wapi?" Kila siku hivyo hivyo. Hatuna rimoti ya ajabu, hakuna aliyekata chochote, kipindi kimeanza kimekwisha. Binti yake aliniambia nisibishane naye, nikubali tu, ni ugonjwa wa uzee. Kwa hiyo kwenye daftari la zamu naandika kwamba bibi amechanganyikiwa kuhusu TV. Nimeshaandika mara tisa.

Anayemjua huyu mama anisaidie.

MzeeMbezi:
Marahaba binti. Umenirudisha mbali sana.

Nilisoma Los Angeles kuanzia 1973 hadi 1977, mchana darasani, usiku naosha vyombo hotelini. Tulikuwa vijana wanne chumba kimoja na TV ya rangi tuliyoiokota kando ya barabara, rangi ya kijani imezidi, kila anayetokea anaonekana ana homa ya manjano. Jumamosi saa nne usiku hakuna aliyetoka. Ilikuwa zamu ya Carol.

Nanny si yaya. Ni bibi yake, mzaa mama, ndivyo alivyomwita. Carol amezaliwa San Antonio, hapohapo Texas ulipo, tarehe 26 Aprili 1933. Baba na mama wote walizama kwenye pombe, bibi akamchukua, wakaishia Hollywood kwenye chumba kimoja cha kupanga, wanakula kwa pesa za msaada wa serikali. Alipoanza kutokea kwenye TV, bibi alitaka asalimiwe. Ndipo wakapatana ishara ya sikio: mimi mzima, nakupenda. Bibi alifariki na Carol hakuacha kuvuta.

Nikuambie na hili, maana ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1954 alikuwa mwanafunzi wa UCLA, chuo kikuu cha hapo Los Angeles. Alikwenda kusomea uandishi wa habari, akakuta somo hilo halipo kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, akaangukia kwenye maigizo. Yeye na mwenzake wakaalikwa kutumbuiza kwenye karamu ya watu wazito huko San Diego. Walipomaliza, Carol akasogea kwenye meza ya vitafunwa na kuanza kutia kwenye mkoba wake, ampelekee bibi. Mara anaguswa bega. Unajua ile baridi inayoshuka mgongoni ukikamatwa na mkono kwenye sufuria? Basi. Kumbe ni tajiri mmoja anataka kumpongeza, akamuuliza anataka nini maishani. Akasema anataka kwenda New York kuigiza. Yule bwana akawakopesha dola 1,000 kila mmoja, kwa masharti: warudishe ndani ya miaka mitano bila riba, wakifanikiwa wasaidie wengine, na jina lake wasilitaje kamwe. Carol alilipa. Jina hajalitaja mpaka leo, na ameshavuka miaka 90.

New York alianza kwa kupokea makoti na kofia za wateja kwenye mgahawa. Mwaka 1957 akavuma kwa wimbo wa mzaha wa msichana aliyemfia kwa mapenzi John Foster Dulles, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, mzee mkavu kama mkaa. Mzee mwenyewe alipoulizwa na waandishi akasema mambo ya moyo hayazungumzii hadharani. Mwaka 1959 akapata mchezo wa jukwaani Broadway na nafasi kwenye kipindi cha TV cha Garry Moore, na kuanzia hapo njia ikawa nyeupe.

Sasa swali lako la pili. Binti, kaa chini.

Bibi wa watu yuko sahihi. Wamekata.

Kipindi chenyewe, The Carol Burnett Show, kilikuwa cha saa nzima. CBS, kampuni ya TV, walikirusha kuanzia Septemba 1967 mpaka Machi 1978, misimu 11. Kulikuwa na okestra, wachezaji dansi, wageni waalikwa, nyimbo kubwa za jukwaani. Baadaye vichekesho vya misimu ya mwisho, kuanzia wa sita, vikachukuliwa, nyimbo nyingi zikatupwa, vikafanywa vipindi vya nusu saa vikaitwa Carol Burnett and Friends. Ndivyo vinavyorudiwa kwenye TV miaka yote hii. Misimu mitano ya mwanzo ilikuwa na mvutano wa haki za umiliki, ikafungiwa, ikaja kutolewa tena 2015. Kwa hiyo bibi anakumbuka saa nzima, wewe unamwonyesha nusu.

KijanaWaTemeke:
Mzee umemaliza, ila mimi naona mnawapamba tu hawa wazungu. Dada kazini unalipwa kuangalia TV? Tuunganishe basi 😂

BintiMuheza:
@KijanaWaTemeke karibu. Kabla ya TV kuna kuogesha, kugeuza, kubadilisha shuka mara tatu. Nikutumie fomu?

Shosho_wa_Nax:
Wah, hiyo ya kukatwa imenigusa. Huku Kenya sisi tulikuwa na Mama Kayai kwa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho, Mary Khavere mwenyewe. Alikuwa akiigiza bibi, yaani mke, ya Mzee Ojwang, yule marehemu Benson Wanjau aliyetuacha 2015. Hadi leo ukienda mashambani kuna watu wataapa kwamba hao walikuwa mume na mke kanisani kabisa. Nyanyangu alikuwa anamlaumu Ojwang kwa sauti, TV haimsikii, yeye anaendelea tu.

Swali kwa Mzee: huyo Carol aliwezaje kupata kipindi kina jina lake miaka hiyo ya sitini? Maanake hapa mwanamke alikuwa anaitwa kuja kuwa bibi ya mtu kwa kipindi.

MzeeMbezi:
@Shosho_wa_Nax swali zuri. Jibu lake liko kwenye karatasi.

Alikuwa na mkataba wa miaka kumi na CBS. Ndani yake kulikuwa na kifungu kwamba katika miaka mitano ya kwanza, akitaka, anaweza kudai vipindi 30 vya saa moja, na CBS lazima wavitoe au wamlipe hata wasipovirusha. Nadhani waliandika wakijua hatakumbuka. Wiki ya mwisho ya mwaka wa tano, kati ya Krismasi na mwaka mpya, yeye na mumewe, Joe Hamilton, wako Beverly Hills kwenye nyumba mpya isiyo na samani, wamekalia makreti ya machungwa. (Wewe wa Muheza hayo makreti unayajua.) Wakakumbuka kifungu. Akapiga simu. Mkubwa wa CBS akamwambia vipindi vya namna hiyo ni kazi ya wanaume, wao wamemwandalia komedi nzuri ya nyumbani. Carol akasema hapana, nataka 30 zangu. Wakavitoa, vikafika misimu 11 na tuzo 25 za Emmy, zile tuzo kubwa za TV za Marekani.

Na wenzake aliwachagua kwa jicho la ajabu. Yule Vicki Lawrence anayeigiza mama mzee mkali, mama yake Eunice anayeigizwa na Carol, ni mdogo kwa Carol kwa miaka 16! Alikuwa binti wa sekondari huko Inglewood, akamwandikia Carol barua na kumtumia kipande cha gazeti lililosema wamefanana. Carol, tena mjamzito, akaenda mwenyewe kumwona kwenye shindano la urembo la kikosi cha zimamoto. Fikiria.

Huyo karani anayemwagisha watu chai anaitwa Mrs. Wiggins. Mwandishi alimtaka ajuza. Mbunifu wa mavazi, Bob Mackie, akasema hapana, tumechoka na vikongwe, akamvika wigi la kimanjano na sketi nyeusi ya kubana. Sketi ikawa inapwaya nyuma. Carol akataka ipunguzwe, Mackie akamwambia usiipunguze, bali peleka tako lako mle. Mwendo wote umezaliwa hapo, kwenye nguo isiyomkaa.

Ni huyohuyo Mackie aliyetengeneza gauni la pazia. Novemba 1976 ilikuwa ndiyo kwanza ile sinema ndefu ya vita vya Marekani, Gone with the Wind, imeonyeshwa kwenye TV, na mle bibie anashona gauni kwa pazia la dirishani. Wiki hiyohiyo Carol akashuka ngazi amevaa pazia la kijani na fimbo yake ya kuning'inizia ikiwa bado imepita mabegani! Anasifiwa gauni, anajibu kwamba aliliona dirishani akashindwa kuliacha. Watu walicheka mpaka waigizaji wakabaki wanasubiri. Gauni sasa liko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Siku hiyo sikuwepo studio na nitajilaumu mpaka kaburini. Nilikwenda mara moja tu, mwaka uliotangulia. Tiketi bure, unapanga foleni Television City, studio za CBS, pale Beverly Boulevard na Fairfax. Walirekodi Ijumaa mara mbili, mbele ya watu tofauti, kisha wakachagua palipotoka vizuri. Kabla ya yote anatoka peke yake, anaomba taa za ukumbini ziwashwe, anajibu maswali ya watu bila kuandikiwa. Mama mmoja akamwomba apige ukelele wa Tarzan. Akaupiga. Nilikuwa safu ya nne kutoka nyuma na masikio yaliuma.

WakiliMsomi:
Kwa faida ya jukwaa, niongeze upande wa sheria. Mwaka 1976 gazeti la udaku, National Enquirer, liliandika kwamba Carol alifanya fujo mgahawani Washington mbele ya Henry Kissinger, waziri wa mambo ya nje wakati huo, kwa namna ya kumaanisha amelewa. Kwa mtu ambaye wazazi wote waliharibiwa na pombe, hilo lilikuwa tusi la kaburini. Alishtaki, na 1981 baraza la wazee wa mahakama likamtuza dola milioni 1.6. Jaji akapunguza hadi 800,000, rufaa ikapunguza zaidi, wakaishia kumalizana nje ya mahakama. Lakini magazeti ya namna hiyo yalikuwa yamezoea kwamba wasanii hawashtaki. Sehemu ya fedha alitoa kwa vyuo vikuu, kufundishia maadili ya uandishi wa habari. Ile fani aliyoikosa UCLA, mnaona?

BintiMuheza:
Ahsanteni sana. Mzee shikamoo tena.

Nimesoma majibu yenu kwenye basi kwenda kazini nikapitiliza kituo. Mimi pia nimelelewa na bibi, kule Muheza, na mambo ya kutia kitafunwa kwenye mkoba harusini nisiyaseme sana hapa.

Jana usiku kipindi kilipoisha bibi akaanza, "Wamekata." Sikukubali kwa kumridhisha kama nilivyoagizwa. Nikamwambia, kweli bibi, wamekata, kilikuwa saa nzima, wametupa nyimbo. Akanitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Nimewaambia watu wa nyumba hii miaka miwili." Akaanza kunihesabia vilivyokuwemo: wachezaji, mgeni wa pili, mfagizi anayekaa juu ya ndoo na kuimba. Tulifika saa sita na dawa ya usingizi sijampa.

Leo nimeagiza mtandaoni diski za misimu ya mwanzo, binti yake amekubali kulipa. Na lile daftari la zamu nimerudi nyuma kurasa zote tisa. Haturuhusiwi kufuta wala kupaka wino mweupe, unapiga mstari mmoja, unaandika marekebisho na kutia saini pembeni. Nimetia saini tisa.

@MzeeMbezi, huyo mgeni wa pili anasema alikuwa mwanamume mrefu mwenye sauti nzito na alikuja zaidi ya mara moja. Unaweza kumkumbuka? Ananiuliza mimi, eti mimi ndiye dada yake, tuliangalia pamoja.