Naomba ushauri: nawafundishaje watoto kuhusu wakulima wa mwanzo wa Afrika?

Habari zenu walimu na wazazi. Nina watoto wa miaka 9 hadi 11, na mada yetu ni jamii za mwanzo za wakulima barani Afrika. Tarehe zinawachosha. Ukiwaambia mtama ulikuwa ukilimwa mashariki mwa Sudan miaka 5,000 hivi iliyopita, wanaandika daftarini na kusahau palepale.

Kinachowaamsha ni vitu wanavyoweza kushika. Nimefikiria kuleta punje za mtama, uwele, ulezi na kunde, kisha nichanganye na mahindi na kipande cha muhogo, wabahatishe vipi ni vigeni. Najua wataapa kwamba mahindi ni ya kwetu tangu enzi, kumbe yalivuka bahari kutoka Amerika baada ya mwaka 1492. (Hata watu wazima hubisha hapo.)

Ninapokwama ni kwenye kuenea kwa wasemaji wa lugha za Kibantu. Vitabu vingi huchora mshale mnene kutoka mpakani mwa Nigeria na Kameruni hadi kusini, kama jeshi linaandamana, ilhali lilikuwa jambo la maelfu ya miaka, kidogo kidogo, na njiani walikuta wawindaji na wafugaji. Mnalielezaje bila mshale huo?

Pia Engaruka, magofu ya wakulima wa kale kaskazini mwa Tanzania, yenye ile mifereji ya kumwagilia na makingo ya mawe chini ya ukuta wa Bonde la Ufa: aliyewahi kuwafinyangisha watoto mfano wake kwa udongo, anieleze alianzia wapi. Uwanja ninao, maji ni ya ndoo.