Wana wa ukoo wa Karađorđević: kwa nini mkubwa hakutawala?

Msomaji wa Jioni
Habari zenu, ndugu. Nimekuwa nikifuatilia historia ya ukoo wa Karađorđević uliotawala Serbia na baadaye Yugoslavia. Mfalme Aleksandar, aliyeuawa kwa risasi mjini Marseille tarehe 9 Oktoba 1934, alikuwa na kaka mkubwa, Đorđe. Ilikuwaje mdogo akarithi kiti ilhali mkubwa yu hai, na kwa nini baada ya mauaji yale madaraka yalishikwa na binamu yao Pavle?

Mtunza Kumbukumbu
Đorđe alizaliwa mwaka 1887 mjini Cetinje, nyumbani kwa babu yake mzaa mama, na akawa mrithi baba yake Petar wa Kwanza alipotwaa kiti mwaka 1903. Alikuwa jasiri, lakini hasira zake za ghafla ndizo zilizomponza: mwaka 1909 alimpiga mtumishi wake teke la tumbo, mtumishi akafariki siku chache baadaye, na lawama zilizozuka zikamlazimu kuuachia urithi. Mwaka 1914 alipigana mstari wa mbele, akajeruhiwa vibaya.

Kinachonihuzunisha ni yaliyofuata. Mwaka 1925, mdogo wake akiwa ndiye mfalme, alitangazwa kuwa mwendawazimu, na kwa miaka mingi akafungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Toponica, karibu na Niš. Hata Aleksandar alipouawa hakufunguliwa. Alitoka mwaka 1941, Wajerumani walipoiteka nchi. Baada ya vita Wakomunisti waliwanyang'anya jamaa zake uraia na mali, lakini yeye walimwacha, akaishi Belgrade kwa pensheni hadi alipofariki mwaka 1972.

Binti Ziwani
Nami nijibu sehemu ya Pavle. Wosia wa Aleksandar uliwataja watu watatu wa kumshikia mwanawe madaraka, Pavle akiwa wa kwanza, kwa kuwa Petar wa Pili alikuwa na miaka 11 tu. Pavle alisoma Oxford na alipenda zaidi kukusanya michoro kuliko siasa. Tarehe 25 Machi 1941 serikali yake ilitia saini mkataba wa kujiunga na Ujerumani na Italia, na siku mbili baadaye maofisa wa jeshi wakampindua. Waingereza walimweka kizuizini Kenya, pamoja na mkewe Olga na watoto, kando ya Ziwa Naivasha, katika nyumba nyeupe ya mtindo wa Maghribi ambayo walowezi waliiita Kasri la Majini, yaani la mashetani. Mwenye nyumba, Lord Erroll, alikuwa ameuawa kwa risasi Januari ya mwaka uleule.

Msomaji wa Jioni
Nawashukuru sana. Hata hivyo, naona Pavle alistahili adhabu, kwani aliyetia nchi mkononi mwa Hitler hawezi kujitetea kwa kupenda michoro.

Binti Ziwani
Ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe. Nchi ilikuwa imezungukwa karibu pande zote, na mkataba ulipokataliwa na umma, Belgrade ililipuliwa kwa mabomu tarehe 6 Aprili. Mahakama ya Serbia ilimsafisha jina mwaka 2011, na mwaka uliofuata mabaki yake yakazikwa Oplenac, katika kanisa lilelile walimolazwa Aleksandar na Đorđe.