Mjadala: Historia ya Roma iliandikwa na washindi tu?

Wakuu, kila tukigusa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Roma, hakosi mtu wa kufunga mjadala kwa kauli ileile: historia huandikwa na mshindi, basi hakuna cha kuamini. Napinga, na shahidi wangu ni Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi.

Mwaka 69 BK Roma ilipata watawala wanne: Galba, Otho, Vitellius, kisha Vespasian aliyemshinda Vitellius. Tacitus mwenyewe anakiri kwamba alianza kupanda vyeo enzi za Vespasian. Ungetegemea ampambe. Lakini anasema wazi kuwa waandishi waliodai makamanda wa Vitellius walimsaliti kwa kuipenda amani na nchi yao, walikuwa wakijipendekeza kwa ukoo wa Vespasian uliotawala.

Halafu someni mapigano ya Cremona, mji wa kaskazini mwa Italia, Oktoba mwaka huohuo. Askari wa upande wa Vespasian anamwangusha adui, anaanza kumpekua angali anahema. Wanatambuana. Ni baba yake, Julius Mansuetus, aliyemwacha nyumbani akiwa mtoto. Kijana anamkumbatia, analia, anachimba kaburi palepale. Wenzake wanakusanyika, wanailaani vita, kisha wanarudi kuua na kupora ndugu zao wenyewe. Mshindi gani angetaka habari hii ibaki?

Jibu: Mkuu, umeruka tarehe. Tacitus anaandika hayo ukoo wa Vespasian umeshaondoka; Domitian, wa mwisho wao, aliuawa mwaka 96. Kumsema aliyekufa hakuhitaji ujasiri. Tena Tacitus alikuwa seneta. Soma anavyowaeleza wananchi wa Roma siku majeshi ya Vespasian yalipoingia mjini: wanashangilia watu wakichinjana mitaani kama wako kwenye michezo, huku mabafu na vilabu vya pombe vikiendelea na kazi. Huo ni ushahidi, au ni bwana mkubwa anayewadharau watu wa chini?

Mleta mada: Tarehe nakubali. Dharau nayo naiona, na inaniudhi. Ila rudi kwa yule kijana. Anaiomba roho ya baba yake isimhesabu muuaji wa mzazi, kwani uovu ule ni wa taifa zima. Anauliza: askari mmoja ana sehemu gani katika vita kama hiyo? Maneno hayo hayakutoka kinywani mwa jenerali wala seneta. Tacitus amempa askari asiyetajwa hata jina. Kama ni dharau tupu, kwa nini ampe yeye?