Tamasha la filamu likija Mbeya: ukumbini au kibandani?

Mleta mada
Wadau, tamasha la filamu la kuzunguka mikoani likipangwa kuja Mbeya, nashauri lisiishie kwenye ukumbi wa hoteli. Liende Mwanjelwa, Uyole na Mbalizi, kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya mtaani vya kuonesha video, na kila filamu ya lugha ngeni iwe na DJ wa kuitafsiri kwa sauti papo hapo.

Maandishi ya chini ya picha humwacha nyuma asiyesoma haraka, na yakiwa ya Kiingereza huwaacha wengi zaidi. Watu wetu wamezizoea sinema za Hong Kong, India na Nigeria kupitia sauti ya DJ. Anakwambia nani shemeji wa nani, anakuonya kwamba yule mzee ni mnafiki, na banda zima linamjibu. Huko nako ni kutazama filamu. Zanzibar waliliona mapema hili la kuwafuata watu waliko: ZIFF, tamasha lao la filamu lililoanza 1998, haikubaki Ngome Kongwe ya mjini tu, ilipeleka maonesho hadi vijijini Unguja na Pemba.

Mhariri wa filamu, Iringa
Kaka, napinga, na inaniuma. Ukimya kwenye filamu hupangwa. Mama akipokea taarifa ya msiba, mwongozaji anaacha upepo peke yake usikike. DJ anapajaza maneno, pengine na utani juu. Hapo filamu imeshakuwa yake.

Halafu hakimiliki. Nakala nyingi za vibandani hazina kibali cha mwenye kazi, na sisi tunaotengeneza filamu huku Nyanda za Juu Kusini ndio tunaoumia. Tamasha likiingia mle bila masharti, limebariki wizi.

Mwalimu mstaafu, Tukuyu
Wanangu, sinema ya kuzungushwa si ngeni. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa filamu, makao yake Vugiri huko Usambara. Walizunguka na lori, jenereta na pazia, wakieleza kilimo na afya kwa lugha za wenyeji. Lugha ilikuwepo.  Ila mtazamaji aliitwa hasa kufundishwa. Kwa hiyo filamu ikiisha, watu wapewe kipaza sauti. Na mkionesha nje mwezi Julai, anzeni giza likiingia tu. Baridi ya huku mnaijua.

Mleta mada
Shikamoo Mwalimu. Hilo la kipaza sauti nalichukua lote.

Dada mhariri, kwenye hakimiliki sina ubishi: ruhusa ya maandishi, na mwenye filamu alipwe. Kwenye ukimya bado nashikilia. DJ apewe filamu mapema, akae na mwongozaji kama anapatikana, aoneshwe pa kunyamaza. Kutafsiri ni fani, na mwenye fani hufundishika. Ila ukitaka sauti yake iondolewe kabisa, unamwambia mama muuza ndizi wa Mwanjelwa asubiri mpaka ajue Kiingereza. Hapo sikubali.

Wenye vibanda Uyole na Mbalizi, mko tayari siku za tamasha kuonesha kazi zenye kibali tu? Semeni na mnataka mlipweje.