Daktari kasema protini za ukuaji kwenye ubongo wa mwanangu, kweli ni salfa ya mikorosho?

BabaN_Tandahimba: Wakuu habari, naombeni mawazo. Mwanangu ana miezi saba shingo haijakaza na kichwa kinakua haraka, tukampeleka Dar akapigwa MRI, ile picha ya ndani ya kichwa, wakasema Dandy-Walker, yani ubongo wa kisogoni haukukua vizuri na pamejaa maji. Daktari akagusia jeni, yani maelekezo ya kurithi yaliyo ndani ya seli, na protini za ukuaji, foleni ndefu sikuuliza zaidi. Sasa mama anamlaumu mke wangu eti kisa alipuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, akiwa na mimba, mke wangu analia kila siku.

NesiMstaafu: Pole sana mdogo wangu. Kazaliwa lini, na salfa mlipuliza lini?

BabaN_Tandahimba: Kazaliwa mwezi wa nane mwishoni, salfa wa sita mpaka wa saba.

NesiMstaafu: Basi hesabu, mwezi wa sita mimba ilikuwa ya miezi saba. Kisogoni panaanza kujengwa wiki za mwanzo kabisa na kasoro hii inakuwa ishatokea kabla mimba haijafika nusu. Zile protini alizosema daktari ni kama ujumbe, seli inaiambia nyingine ongezeka, hamia kule. Kuna jeni FOXC1, mwaka 2009 watafiti walionyesha ikiharibika inaweza kuleta Dandy-Walker, na yenyewe inafanya kazi kwenye utando unaofunika ubongo, utando usipotuma ujumbe ubongo wa chini yake unadumaa. Sio watoto wote chanzo ni hiyo. Mjamzito asipulize salfa, kifua kitaumia, ila kwa hili mwacheni mkeo jamani.

MamaZ_Lindi: Kaka pole, wangu aliwekewa mpira MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, unatoa maji kichwani unapeleka tumboni. Kila Ijumaa nampima kichwa kwa tepu ya fundi cherehani, juu ya nyusi unazungusha mpaka kisogoni kwenye nundu, naandika kwenye kadi ya kliniki. Ukiona utosi umevimba, anatapika ovyo, macho yanaangalia chini tu, usisubiri hela ya korosho, ondoka siku hiyohiyo.

BabaN_Tandahimba: Asanteni sana, nimemwita mama nikamsomea mbele ya mke wangu, kanyamaza tu. Nimepima sasa hivi sm 47, kadi ya mwezi jana inasema 45.

NesiMstaafu: Sm 2 kwa mwezi ni nyingi mno, umri huo ni kama nusu sm. Anatapika?

BabaN_Tandahimba: Jana mara mbili.

NesiMstaafu: Usilale nyumbani, tafuta usafiri sasa hivi mwende hospitali ya Ligula, Mtwara, na hiyo MRI ubebe.

BabaN_Tandahimba: Jirani ana gari, tunatoka.