Wakuu, komeo la bunduki yangu ya .375 linagoma kufunguka nikishapiga. Nitie mafuta gani?

Mwana wa Usa River: Habari za jioni wakuu. Niko Minnesota mwaka wa 9, na Oktoba nimealikwa kuwinda mbogo huko nyumbani. Nina .375 H&H niliyonunua ikiwa imeshatumika, risasi najaza mwenyewe kwa sababu za dukani bei inauma. Juzi nilipiga 3, komeo likawa zito kila mara. La mwisho nililigonga kwa kiganja.

Fundi Baiskeli: Achana na mafuta, mkuu. Ganda lililotoka likoje?

Mzee Nkya: Marehemu baba alikuwa askari wa wanyamapori. Alisema mbogo akijeruhiwa hakimbii mbali, anazunguka na kukusubiri kando ya nyayo zake. Mpaka anafariki hakupenda kupita kichakani jioni.

Dada wa Moshi: Mbogo kakukosea nini? Hela hiyo chimba kisima kijijini kwenu.

Fundi Baiskeli: Narudia: ganda likoje? Kichwa cha risasi uzito gani, na baruti umepima kwa jedwali la kichwa kipi?

Mwana wa Usa River: Kichwa ni cha grein 350. Jedwali nililokuwa nalo ni la 300. Tofauti ni gramu 3 na kidogo tu wakuu. Na nimeshajaza 40, zimebaki 37.

Fundi Baiskeli: Hizo gramu ndizo zinazokubana. Kichwa kizito kinachelewa kuondoka, na kwa urefu wake kimezama ndani ya ganda, nafasi ya baruti ikapungua. Shinikizo linapanda, ganda linatanuka na kung'ang'ania chemba. Ulipiga kukiwa na baridi?

Mwana wa Usa River: Theluji ilikuwa bado. Lakini .375 ipo tangu 1912, imezoea kazi. Na zote 3 zilitua ndani ya kisahani, mita 100.

Fundi Baiskeli: Baruti nyingi zikipata joto shinikizo linazidi. Oktoba ya huku unaijua. Ng'oa vichwa vyote, mwaga baruti, anza na kipimo cha chini kwa jedwali la 350.

Sauti ya Kitaa: Hii chai. Anayemudu mbogo anashindwaje pakiti mbili za risasi? Na hiyo 350 kaitoa baada ya kubanwa.

Mzee Nkya: Hata mimi nimeanza kushangaa.

Mwana wa Usa River: Gharama ni za bosi wangu wa zamani, mimi risasi tu. 350 niliificha kwa sababu nilijua mtakachosema. Maganda yako hapa mezani. Fataki, yaani vile vidude vya kitakoni vinavyowasha baruti, zimelala bapa, na kitakoni kuna alama inayong'aa. La tatu, fataki mpya inaingia kwa kusukuma na kidole gumba.

Fundi Baiskeli: Kidole gumba?! Tundu la fataki limeshatanuka hilo. Usipige hata moja, wala usimpe mtu.

Sauti ya Kitaa: Nimefuta kauli, ndugu yangu. Chai haina kidole gumba. Ng'oa.

Mwana wa Usa River: Nimeanza. 7 zimetoka, bado 30.