Gavana Schnee na ubunge wake chini ya Hitler

mwalimu_ngara: Wadau, naandaa somo kuhusu Heinrich Schnee, gavana wa mwisho wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kila mahali naona "mbunge 1924–1932, tena 1933–1945". Je, aliipigia kura sheria iliyompa Hitler mamlaka yote? Na kadi yake ya chama cha Nazi naipataje nikiwa hapa Nairobi?

karatasi_kuukuu: Hakuipigia, mwalimu. Ilipita 23 Machi 1933, kura 444 kwa 94, na yeye hakuwa bungeni. Ubunge wake wa DVP (Deutsche Volkspartei, chama cha kiliberali cha mrengo wa kulia) ulikuwa umeisha 1932. Mwaka 1933 una mabunge mawili, na hapo ndipo wengi huteleza: la 8 lilichaguliwa 5 Machi, la 9 tarehe 12 Novemba. Schnee yumo hilo la 9, akiwa ameshajiunga na Wanazi, kwa orodha moja isiyo na mpinzani. Hiyo "hadi 1945" nayo isikubabaishe. Wabunge waliitwa kwenye jumba la opera la Kroll, Berlin, wakasikiliza hotuba, wakapiga makofi, wakatawanyika. Kikao cha mwisho kilikuwa 26 Aprili 1942.

Shaka: Kadi ziko Bundesarchiv (hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani), Berlin-Lichterfelde. Tuma ombi kwa barua pepe: jina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa (4 Februari 1871, Neuhaldensleben). Usiiache tarehe, kadi zinapita milioni 10. Omba faharasa zote mbili, ya makao makuu na ya mikoa ya chama, kwa kuwa hakuna iliyosalia kamili. Ukiona 1 Mei 1933 kwenye kadi ya mtu yeyote, usidhani aliamka siku hiyo akajiunga: wimbi la walioomba baada ya Hitler kushika madaraka liliandikiwa tarehe hiyo kwa mkupuo, kisha mlango ukafungwa.

karatasi_kuukuu: Naongezea. Kwa maoni yangu kadi si kiini. Siasa yake ilikuwa kudai makoloni yarudishwe: kijitabu chake cha 1924, *Die koloniale Schuldlüge* ("Uongo wa hatia ya kikoloni"), kisha urais wa Deutsche Kolonialgesellschaft (Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani) kuanzia 1930 mpaka Wanazi walipoivunja 1936 na kuimezesha Reichskolonialbund, umoja wao wa kikoloni chini ya Mnazi Franz von Epp. Chama alichojiunga nacho kikampokonya jukwaa lake.

Mafaili ya ugavana usiyatafute Nyaraka za Taifa za Kenya, Moi Avenue. Nenda Nyaraka za Taifa za Tanzania, Dar es Salaam, au Bundesarchiv Berlin, fungu R 1001 (la wizara ya makoloni). Ukipekua magazeti yaliyoskaniwa, kumbuka s ndefu ya chapa ya kale husomwa na mashine kama f. Tafuta "Ostafrika", halafu urudie na "Oftafrika".